Jinsi ya kutambua mihuri ya dola za fedha za Morgan: mwongozo wa anayeanza

Maswali ni yaleyale. "Nina dola ya fedha ya 1921 yenye D ndogo sana, ni adimu?" "Herufi zangu zina kivuli, hii ni VAM (namba ya mihuri kwenye orodha) gani?" "Usoni kuna mstari, ni kasoro ya kiwanda au mtu kaikwaruza?" Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo huu hapa utaratibu mzima. Ufuate kwa mpangilio wake. Wengi wanaokwama wana macho mazuri tu. Tatizo lao ni kukimbilia vivuli vya herufi (hatua ya 6) kabla hawajajua sarafu yao ina tai wa aina gani (hatua ya 3).

Mwongozo unahusu dola za Morgan za Marekani, zilizopigwa kuanzia 1878 hadi 1904, kisha tena 1921. Kama sarafu yako ina mwanamke aliyejitanda mtandio na mwaka 1780, hiyo ni reale ya Maria Theresa, iliyotumika sana pwani yetu na Uarabuni. Hiyo ina elimu yake, na mwaka wake usikudanganye: hata zilizopigwa karne ya 20 zimeandikwa 1780.

Nadharia, kwa ufupi

Sarafu hupigwa kati ya mihuri miwili ya chuma cha pua, mmoja wa upande wa kichwa na mmoja wa upande wa tai. Mihuri yote ya dola hizi ilitengenezwa Philadelphia, hata ile iliyopelekwa viwanda vingine. Kichwa, tai na maandishi vilikandamizwa kwenye kila muhuri kwa kutumia muhuri mama (kipande cha chuma chenye sura hizo zote), tena kwa zaidi ya mkandamizo mmoja. Lakini mwaka na herufi ya kiwanda viligongwa kwa mkono, muhuri baada ya muhuri. Mkono wa mtu haurudii kitu kwa usawa uleule, na mihuri iliyohitajika ilikuwa mingi mno, maana sheria ya Bland–Allison ya 1878 iliilazimu serikali kununua fedha ya dola milioni 2 hadi 4 kila mwezi na kuigeuza sarafu. Tofauti nyingi tunazozitafuta zilizaliwa hapo.

Leroy Van Allen na A. George Mallis ndio walioziorodhesha. VAM ni herufi za mwanzo za majina yao. Namba moja ya VAM ni ndoa ya mihuri miwili: muhuri fulani wa kichwa na muhuri fulani wa tai. Hesabu huanza upya kwa kila mwaka na kila kiwanda. Kwa hiyo mtu akikwambia "nina VAM 4" bila kutaja mwaka na kiwanda, hajakwambia kitu.

Vitu vya kuwa navyo

- Lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Achana na zile za bei ya kutupa zilizoandikwa mara 40; nyingi hazifiki huko na hupindisha umbo la unachokitazama.
- Mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01.
- Kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) na sumaku ndogo yenye nguvu.
- Taa moja ya mezani yenye shingo inayopinda. Moja tu. Chumba chenye mwanga kila upande hufuta vivuli, na kazi yetu yote ni kusoma vivuli.
- Kitambaa laini kilichokunjwa mara kadhaa, ili sarafu ikikuponyoka isiangukie mbao.
- Daftari, na simu yenye kamera.

Hadubini ya USB inafaa kwa kupiga picha za kumwonyesha mwenzako. Kwa kutafuta, lenzi ina kasi zaidi.

ONYO: usisafishe sarafu. Si kwa ndimu, si kwa majivu, si kwa dawa ya meno, si kwa kitambaa cha kung'arishia vito. Ule utandu mweusi unaoukuta ni sehemu ya thamani yake, na mikwaruzo midogo ya kusugua itafanana na mistari ya muhuri mpaka ushindwe kutofautisha. Ishike sarafu ubavuni, kamwe usiguse uso wake.

Hatua ya 1: Hakikisha ni ya kweli

Dola za Morgan za bandia zimejaa sokoni, na nyingine zimetengenezwa vizuri. Dola halali ina fedha asilimia 90 na shaba asilimia 10, uzito wa gramu 26.73 na kipenyo cha milimita 38.1. Iliyozunguka sana mikononi mwa watu hupungua kidogo. Lakini ikisoma gramu 24 au 22, iweke kando. Sumaku isiivute hata kidogo.

Kisha tazama kama mwaka na herufi vinaweza kukaa pamoja. CC, yaani Carson City, ilipiga 1878 hadi 1885 na 1889 hadi 1893. O, yaani New Orleans, ni 1879 hadi 1904. S ni San Francisco, 1878 hadi 1904 na 1921. D ni Denver, 1921 pekee. Isiyo na herufi ni ya Philadelphia. Ukiletewa CC ya 1887 au D ya 1889, mrudishie mwenyewe. Hata mizani huihitaji.

Hatua ya 2: Soma mwaka na herufi ya kiwanda

Mwaka uko chini ya kichwa. Herufi ya kiwanda iko upande wa tai, chini ya fundo la shada la majani, juu ya nafasi kati ya D na O za neno DOLLAR. Andika vyote viwili kwa pamoja, mfano 1888-O. Hiyo ndiyo anwani utakayoitafutia kwenye orodha. Ukikosea O na CC iliyochakaa, kila utakachofanya baada ya hapo ni bure.

Hatua ya 3: Tambua aina ya tai

Kwa sarafu za 1878 hadi 1880 hatua hii hairukwi. Geuza upande wa tai, lenzi jichoni, uangalie vitu vitatu.

Kwanza, hesabu manyoya ya mkia. Dola za mwanzo kabisa za 1878 zina manyoya 8. Yalipingwa, yakapunguzwa kuwa 7, na baadhi ya mihuri ya manyoya 8 ikakandamizwa upya kwa muhuri mama wa manyoya 7. Kwenye sarafu za mihuri hiyo, ncha za manyoya ya zamani huchungulia chini ya yale mapya. Wenyewe huziita 7/8. Zote hizi ni za Philadelphia za 1878.

Pili, tazama mishale kwenye kucha za tai. Unyoya wa juu wa mshale wa juu unakwenda sambamba na ule wa chini yake, au umeinamia upande?

Tatu, kifua cha tai. Unyoya sambamba huambatana na kifua bapa, nao ni tai wa 1878. Unyoya ulioinama huambatana na kifua cha mviringo, naye ni tai wa 1879. Dalili mbili zikikubaliana, umemaliza. Zikigombana, amini mshale, kwa sababu kifua ndicho kinacholika mapema sarafu ikitumika.

Kwa nini nalishikilia hili? Tai wa 1878 alibaki kwenye baadhi ya sarafu za 1879-S na 1880-CC, ilhali nyingine za mwaka uleule na kiwanda kilekile zina tai mpya. Mihuri ya zamani haikutupwa, ilitumiwa ikaisha. Ukijua tai ni yupi, nusu ya orodha inaondoka mezani kabla hujatazama tarakimu hata moja.

Hatua ya 4: Pima mahali ulipogongwa mwaka

Hapa ndipo kazi nyingi inapomalizikia, na ndipo wanaoanza wanapopapita bila kusimama.

Tazama meno madogo yanayozunguka ukingo wa sarafu. Meno hayo yalitoka kwenye muhuri mama, kwa hiyo hayasogei. Mwaka uligongwa kwa mkono, kwa hiyo unasogea. Basi meno ndiyo rula yako.

1. Simamisha sarafu wima, mwaka ukiwa chini.
2. Tafuta ukingo wa kushoto wa kitako cha tarakimu 1 ya kwanza. Uko juu ya katikati ya jino, au juu ya pengo kati ya meno mawili? Andika.
3. Fanya hivyohivyo kwa tarakimu ya mwisho.
4. Linganisha umbali wa tarakimu ya kwanza na ya mwisho kutoka kwenye meno. Ukitofautiana, mwaka umeinama.
5. Tazama mwaka mzima: umepanda juu, umeshuka, umesogea kulia, au umesogea kushoto?
6. Sasa ingia ndani ya tarakimu zenyewe. Tafuta mabaki ya tarakimu nyingine: kijistari juu ya 8, ncha chini ya 1, kona ndani ya tundu la 0.

Hiyo ya sita ndiyo inayoleta furaha. Sarafu za 1880 kutoka Carson City zina mifano mizuri ya 8 iliyogongwa juu ya 7, kwa kuwa mihuri ya 1879 iligongwa mwaka mpya juu yake. Ipo pia 1887 iliyogongwa juu ya 6: ile ya Philadelphia ni VAM 2, ya New Orleans ni VAM 3. Pale chini ya 7 utaona mabaki ya tumbo la 6 pande zote mbili za mguu wa 7. Yatafute taa ikiwa imeinamishwa sana, karibu ilale mezani.

KOSA LA KAWAIDA: kupima kwa picha iliyopigwa kwa mshazari. Lenzi ya simu ikiinama kidogo tu, mwaka unaonekana umesogea. Pima kwenye sarafu yenyewe, au piga picha simu ikiwa sambamba kabisa na meza.

Hatua ya 5: Ichunguze herufi ya kiwanda

Jiulize maswali manne. Imeinamia kushoto au kulia? Imekaa juu au chini ya mahali pake pa kawaida? Ni kubwa au ndogo? Je, kuna herufi nyingine chini yake?

Swali la mwisho lina hadithi. Carson City ilipoacha kupiga sarafu, mihuri ya tai yenye CC ilirudi Philadelphia, ikagongwa O juu yake, ikapelekwa New Orleans. Ndiyo maana zipo dola za 1900 zenye O na masalia ya CC kushoto na kulia kwake. Kwenye 1882-O, VAM 3, 4 na 5, ni O juu ya S. Mstari wa katikati wa S hukatiza ndani ya tundu la O.

Kuhusu ukubwa: 1903-S yenye S ndogo ni VAM 2, ni halali na inatafutwa sana. O ndogo ya 1899 ni halali pia. Lakini sikiliza vizuri: O ndogo za 1896, 1900 na 1902 zimethibitishwa kuwa ni bandia za zamani, zilizotengenezwa kwa fedha halisi na kuzungushwa kama pesa. Mizani haitakuokoa hapo. Ukiuziwa moja kama dola halali ya kiwanda, umeuziwa kitu kingine.

Hatua ya 6: Sasa tafuta urudufu

Kivuli cha herufi si kitu kimoja. Tenganisha aina tatu.

Urudufu wa muhuri: muhuri mama ulikandamizwa mara ya pili ukiwa umesogea kidogo. Sura ya pili ni ya mviringo kama ya kwanza, ina mwinuko wake, na kwenye kona za herufi utaona mpasuko mdogo unaozitenga herufi mbili. Herufi inaonekana nene kuliko kawaida. Huu ndio tunaoutaka.

Mtetemo wa mashine: muhuri ulicheza wakati wa kupiga. Kivuli ni bapa, kimekaa chini kama ngazi, na kimekula unene wa herufi badala ya kuuongeza. Hauna namba, hauna thamani, na ndio ninaotumiwa picha zake kuliko kitu kingine chochote.

Uchakavu wa muhuri: kingo za herufi zimevimba na kuenea kama wino kwenye karatasi mbaya. Huu nao usihangaike nao.

Mfano wa kujifunzia wa ule wa kwanza ni 1888-O VAM 4, maarufu kwa jina la Hot Lips. Midomo, pua na kidevu vya mwanamke vimerudufika kiasi kwamba unaona kwa macho matupu. Upande wa tai, mfano ni 1901 VAM 3 ya Philadelphia, ambayo chini ya mkia na kwenye mishale kuna sura ya pili iliyo wazi. Tafuta picha zake uzitazame mpaka zikukae kichwani, halafu rudi kwenye sarafu yako. Ukibaki unajiuliza kama ni urudufu au si urudufu, jibu karibu kila mara ni kwamba siyo.

Hatua ya 7: Nyufa, mikwaruzo na mihuri iliyogongana

Kanuni ni moja: kilichoharibika kwenye muhuri kwa kuchimbika au kupasuka hutokea kwenye sarafu kikiwa kimeinuka. Kilichoipata sarafu baadaye huwa kimezama. Macho hudanganyika kwa urahisi chini ya lenzi, basi tumia taa. Mstari ulioinuka una giza upande ulio mbali na taa. Mstari uliozama una giza upande ulio karibu na taa. Zungusha sarafu robo duara uhakikishe tena.

Ufa maarufu kuliko yote uko kwenye 1888-O VAM 1B, iitwayo Scarface: mstari ulioinuka unatoka ukingoni na kukata uso.

Mihuri kugongana ni pale mashine inapobamiza mihuri bila kuwa na kipande cha fedha katikati, kila mmoja ukaachia mwenzake alama. Herufi za LIBERTY zimezama kwenye sarafu, maana yake kwenye muhuri zimechomoza. Kwa hiyo zikibamizwa huacha shimo kwenye muhuri wa tai. Matokeo yake ni herufi E iliyoinuka chini ya mkia wa tai. Itafute kwenye 1886-O, 1889-O na 1891-O. Zote tatu ni VAM 1A za miaka yao.

Usipoteze usiku mzima kwa nyufa ndogo za nywele. Mihuri ilitumika mpaka ikachoka, na nyufa hizo ziko kila mahali.

Hatua ya 8: Hesabu michirizi ya ubavuni (1921 tu)

Dola ya kawaida ina michirizi 189. Kuna 1921 ya Philadelphia, VAM 2, yenye michirizi 157, iliyopanuka kuliko kawaida. Si lazima uhesabu yote. Iweke sambamba na 1921 nyingine, ubavu kwa ubavu. Kama michirizi inapishana baada ya sehemu fupi tu, hapo ndipo uhesabu.

Hatua ya 9: Ndipo ufungue orodha

Nenda na maelezo uliyoandika, si na matumaini. Tafuta kwa mwaka na kiwanda, ondoa tai asiyehusika, ondoa mahali pa mwaka pasipolingana, ondoa herufi isiyoinama kama yako. Kwa kawaida hubaki namba chache, na hapo ndipo linganisha picha kwa picha. Dai VAM pale tu alama zote zilizotajwa zipo, pande zote mbili. Alama tatu zikikubali na moja ikakataa, ile moja ndiyo inayosema kweli.

Namba yenye herufi nyuma yake, kama 1A au 1B, kwa kawaida ni ndoa ileile ya mihuri iliyopata jeraha baadaye: ufa, mkwaruzo au mgongano.

Ukikwama

Hakuna namba inayofanana. Rudi hatua ya 2 na ya 3, kosa huwa huko. Kama kila kitu kiko sawa na sarafu haina lolote la ajabu, huenda ni VAM 1, ambayo kwa miaka mingi ndiyo jina la muhuri wa kawaida.

Namba mbili zinafanana kabisa. Umetazama upande mmoja. Muhuri mmoja wa kichwa uliweza kuoanishwa na mihuri miwili ya tai kwa nyakati tofauti.

D au S ya 1921 ni ndogo sana. Zote za mwaka huo ni ndogo hivyo. Si adimu.

Sarafu imechakaa mno. Achana na urudufu na mistari myembamba, vimeshafutika. Mwinamo wa herufi ya kiwanda na mahali pa mwaka hudumu muda mrefu zaidi. Fanya hatua ya 4 na ya 5 tu. Kama hata meno ya ukingoni yamekwisha, mwaka na kiwanda vinatosha, usilazimishe.

Sarafu iko ndani ya kasha la PCGS au NGC (kampuni za kuthibitisha sarafu na kuzipa daraja). Usilivunje. Inamisha kasha polepole chini ya taa mpaka mng'ao wa plastiki uondoke kwenye sehemu unayoitaka. Mikwaruzo ya plastiki husogea ukiinamisha. Ya sarafu hubaki mahali pake.

Muuzaji ameandika VAM kwenye tangazo. Mwombe picha ya karibu ya alama yenyewe. Akituma picha ya sarafu nzima tena, lipa bei ya sarafu ya kawaida au pita.

Nimeipata, sasa ina thamani gani? VAM nyingi hazina nyongeza yoyote ya bei. Zinazouzika kwa nyongeza ni zile watu wanazozikusanya kwa orodha, hasa Top 100 na Hot 50. Kama yako haimo humo na haina alama inayoonekana bila lenzi, gharama ya kuituma ikathibitishwe, pamoja na posta na bima ya kwenda Marekani na kurudi, inaweza kuzidi bei ya sarafu yenyewe. Ikiwa imo, ipige picha pande zote mbili na ubavu, andika uzito, ndipo uitume. Na kwenye fomu uombe huduma ya kutambua muhuri, maana usipoitaja wataipa daraja tu na kuirudisha bila namba.